Dadu Nyuma ya Kitabu Chekundu

Cherehani yako ikianza kuruka mishono pale Kasese, watu watakuelekeza kwa Erisa. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kati ya muuza mbegu na kinyozi, na hakina kibao, kwa sababu mwenyewe anasema fundi mwenye kibao ni fundi anayetafuta wateja. Ni mwembamba, ana miaka hamsini na miwili, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja, na hana haraka na mtu. Akisema cherehani itakuwa tayari Alhamisi, hata uje na afande Jumatano utaambiwa Alhamisi. Ni mtu wa kanuni. Neno hilo analipenda mno, na ndilo lililomponza.

Siku sita anafunga na kufungua skrubu. Ya saba, akitoka kanisani, anapanda bodaboda kurudi kwake Kilembe, kwenye safu ya juu ya nyumba za mgodi. Mkewe Feresita huwa amekwenda Maliba kwenye shamba la mama yake, na hilo linawafaa wote wawili. Erisa anafuta meza, anapanga viti, na kuanzia saa nane mchana hadi jua linapozama nyuma ya mlima anakuwa msimulizi.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, woga wake, na alichobeba begani. Msimulizi anawaambia wako wapi na wanaona nini, nao wanasema watafanya nini. Jambo likiwa la bahati, dadu ya nyuso ishirini inaamua. Hakuna anayeshinda. Jirani akichungulia dirishani ataona watu wazima wenye watoto wao wakigombana kama mlango usiokuwepo umefungwa au uko wazi, na ataenda zake akitikisa kichwa. Mwacheni atikise.

Kanuni zote zilikuwa ndani ya Kitabu Chekundu, toleo la kwanza kabisa la mchezo huo. Mzungu mmoja mpima miamba alikisahau kwa baba yake Erisa enzi mgodi wa shaba ulipokuwa ukifanya kazi, pamoja na mfuko wa dadu. Baba alikuwa akichora ramani za mgodi, na alipokufa aliacha ramani hizo zimeviringishwa juu ya kabati. Erisa alizichukua akazitia mchezoni. Kwa hiyo watu wake wa kubuni walikuwa wakitembea kwenye mashimo ya kweli, yaliyo chini ya nyumba walimokaa, wakishuka kutoka tabaka moja la mgodi hadi jingine, levo, kama wachimbaji walivyokuwa wakiziita. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wa jambo hilo. Hata mimi nisingeuona.

Jingine walilotia wao wenyewe ni majina. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, kwa familia nyingi, huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Msichana wa kwanza ni Masika. Na mtoto akifariki, hata kama alikaa siku mbili tu duniani, zamu yake hapewi mwingine. Mama aliyemzika Masereka hamzai Masereka tena. Anayefuata ni Kule, na anayesikia jina la Kule anajua kuna watatu waliotangulia, hata kama uani hawaonekani. Wafu wanahesabiwa. Mezani kwa Erisa ilikuwa hivyo hivyo. Mumbere alikuwa mtu wa Nobert, kijana wa stoo ya kiwanda cha simenti. Bwambale alikuwa wa Zedekia, akaumwa na nyoka levo ya pili akafa, na Zedekia mwenyewe akahamia Bwera. Hakuna aliyeligusa jina la Bwambale tena. Masereka alikuwa wa Mwalimu Jonan, na Masika wa Sylivia, mke wa Jonan.

Jonan na Erisa walikua pamoja, safu moja ya nyumba, sufuria moja. Jonan alikuwa mnene, mcheshi, mwalimu anayependwa na watoto kwa sababu hakujua kuficha kicheko. Masereka wake alikuwa na tabia moja: kabla ya kuingia shimo lolote aligonga ukuta mara tatu, akanyamaza, akagonga mara moja. Jonan aliigonga meza kwa kifundo cha kidole, na wote wakangoja. Ilikuwa utani tu. Masereka alikuwa akibisha hodi kwa mlima.

Ugomvi ulianza Jonan alipopata toleo jipya kwenye simu yake. Kitabu kipya kilikuwa kimebadilisha mengi. Mafuta ya taa hayahesabiwi tena. Anayeanguka anapewa nafasi tatu za kuinuka. Na kubwa kuliko yote, msimulizi harushi dadu mafichoni. Anairusha katikati ya meza, kila mtu aone. Katika Kitabu Chekundu msimulizi husimamisha kitabu mbele yake kama ukuta, anarusha dadu nyuma yake, na wachezaji wanalichukua neno lake.

“Kipya kinyemi,” Erisa alisema, “ingawa kidonda.”

“Na wewe uko katekista ya hii kitabu,” Jonan akamjibu. “Imebaki tu kuweka mishumaa.”

Watu wakacheka. Nobert alicheka mpaka akakohoa. Erisa hakucheka, na mtu akichekwa nyumbani kwake, mezani kwake, chai ikiwa yake, jambo hilo humkaa kooni.

Jumapili hiyo hiyo walikuwa levo ya nne. Taa ya Masereka ilizimika akiwa nyuma ya wenzake. Kwa kanuni ya zamani dadu ilipaswa kurushwa: kumi na mbili au zaidi, amewafikia wenzake, chini ya hapo, anabaki gizani alipo, hai, mpaka warudi na mwanga kumchukua. Jonan akasema kwa kitabu kipya taa haihesabiwi. Erisa akasimamisha Kitabu Chekundu, akarusha dadu nyuma yake. Ikazunguka, ikatulia.

Kumi na saba.

“Sita,” Erisa alisema. “Masereka amebaki.”

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Ulimi ulitangulia, na hasira ikausindikiza. Jonan akaweka penseli chini.

“Uliona ngapi?”

“Sita.”

“Haya,” Jonan alisema. Akaikunja karatasi ya Masereka mara mbili, akaitia mfukoni, akaaga vizuri, akateremka kwenda kwake, safu ya chini karibu na mto.

Ilikuwa ni mchezo. Erisa alijiambia hivyo usiku ule: Jumapili ijayo watarudi na taa, watamchukua, yataisha. Jumatatu Jonan alipita kibandani wakanywa chai, wakazungumzia bei ya bati. Neno lilipanda mpaka kwenye meno ya Erisa likarudi. Jumatano walikutana barabarani, likapanda tena, likarudi tena. Alhamisi mvua ilinyesha mlimani, mto Nyamwamba ukashuka na mawe makubwa kuliko vyumba, ukaichukua safu ya chini. Sylivia alikuwa Bwera na binti yao Jolly, wamekwenda kuchukua vitenge. Jonan alikuwa nyumbani amelala. Walimpata Jumamosi, na Jumapili, saa ile ile ya mchezo, walikuwa makaburini.

Miaka mitano ikapita. Sylivia alihamia mjini Kasese akaendelea na vitenge vyake, na ajabu ni kwamba hakuuacha mchezo. Kila Jumapili alipanda Kilembe, akakaa kitini pake, akahesabu mafuta ya taa ya Masika tone kwa tone. Erisa hakuweza kumtazama usoni muda mrefu. Na katika miaka yote mitano hakuwafikisha tena levo ya nne. Mara njia imeporomoka, mara maji yamejaa, mara kuna moshi wa sumu. Nobert alisema mgodi huu sasa una vizuizi kuliko barabara ya kwenda mpakani.

Chini ya veranda, safu ya Jonan ilikuwa mawe matupu. Nyumba yake ilibakiza ngazi mbili za mlangoni, na ngazi hizo hazikuelekea popote. Siku za ukungu, bonde likiwa limezibwa, mto ulisikika ukiviringisha mawe, na kati ya mawe hayo Erisa alisikia kitu kingine. Tatu, kimya, moja. Alijiambia ni bomba kuukuu linalogongana na ukuta. Akalifunga bomba kwa mpira na waya. Alikuwa fundi, alilifunga vizuri. Sauti haikwisha.

Sasa, mwaka huu, Nobert alichoka. Akaja na toleo jipya limechapwa na kujalidiwa, akalitua mezani.

“Mzee Erisa, heshima iko palepale,” alisema. “Lakini hii Chekundu inatumaliza. Mutu anakufa juu ya mafuta ya taa! Dunia imeenda mbele.”

“Usiache mbachao kwa msala upitao.”

“Hiyo mbachao imetoboka, mzee.”

Wakabishana Jumapili tatu. Nobert alisema toleo la zamani liliandikwa na watu waliochukia wachezaji. Erisa alisema kwenye toleo jipya hakuna anayeogopa kitu, na asiyeogopa kitu anatembea shimoni kama anakwenda dukani. Na katika hilo, niseme ukweli, hakukosea. Lakini Nobert alipofikia suala la dadu, kwamba irushwe wazi, Erisa alipiga meza vikombe vikaruka.

“Msimulizi akikosa kuaminiwa, kuna mchezo gani tena?” alifoka.

Sylivia aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake. “Mimi ninaomba tujaribu hiyo mpya,” alisema polepole. “Jumapili moja tu. Dadu ikuwe hapa katikati.”

Kumkatalia Nobert ni jambo moja. Kumkatalia mjane wa Jonan ni jingine. Erisa alikubali.

Siku hiyo hiyo Nobert alimleta mchezaji mpya, Oyet, fundi umeme wa kiwandani, ambaye baba yake alikuja kutoka kaskazini kufanya kazi mgodini. Mtu mpole, mrefu, asiyejua mila za huku. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, kile cha Jonan kinachotazamana na cha msimulizi, na hakuna aliyekuwa amekikalia kwa miaka mitano. Oyet akakikalia. Nani angemkataza? Akapewa karatasi ya toleo jipya ajaze mtu wake, akaambiwa hapa majina ni ya Kikonzo. Akaandika akiwa ametoa ncha ya ulimi, kama mtoto wa shule, kisha akasoma kwa sauti: “Masereka.”

Kalamu ya Nobert ilianguka.

“Hiyo haikuwangi, haiwezekani,” Nobert alisema. “Wewe uko Kule.”

“Samahani. Niliona hapa iko Mumbere na Masika tu. Nilifikiri jina iko wazi.”

“Hata kama ni kujaza nafasi, iko Bwambale inatangulia. Kwa nini uliruka Bwambale?”

Oyet alifikiri. Akasema hajui. Jina lilikuja lenyewe, labda alilisikia kazini. Kisha, akiwa bado anafikiri, bila kutazama mkono wake, aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Mara tatu. Akanyamaza. Mara moja.

Erisa alisema kichwa kinamuuma, mchezo ukaahirishwa juma moja. Walipoondoka alimfuata Nobert mpaka kwenye pikipiki akamuuliza kama amewahi kumsimulia Oyet habari za Jonan. Nobert akaapa kwa mama yake kwamba hajawahi.

Erisa hakulala vizuri wiki ile. Mvulana wa tatu ni mmoja tu. Akitokea wa pili mwenye jina lile, ni kama kusema wa kwanza hakuzaliwa; na mtu unayemwambia kwamba hakuzaliwa atakuja kuuliza. Ndivyo alivyowaza, akiwa ameshika bisibisi, huku cherehani za watu zikimngoja. Hakuogopa kitabu kipya. Aliogopa kwamba wakirudi levo ya nne, na dadu iko wazi, Sylivia atajua mume wake aliingia kaburini akiwa ameibiwa na rafiki yake.

Ijumaa akaenda Bwera. Alisema anatafuta mikanda ya cherehani, lakini miguu yake ilimpeleka moja kwa moja kwa Zedekia, yule wa Bwambale, ambaye sasa anabadilisha pesa za Kongo karibu na mpaka na ana kundi lake la mchezo, Wakongomani watatu na mwanamke mmoja wa Mpondwe. Wanacheza toleo jipya. Walikuwa wamekaa nyuma ya duka, dadu ikirushwa kwenye sahani ya bati, kila mmoja akiinama kuitazama.

“Ndugu yangu Erisa! Kuya, kaa,” Zedekia alisema. Miaka ya mpakani ilikuwa imeugeuza ulimi wake. “Sisi tuko na kitabu ya mupya, usikasirike.”

Erisa alimsimulia habari za Oyet. Za dadu hakumsimulia. Zedekia alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

“Mutu akikufa, jina yake iko yake. Hiyo hata mutoto anajua. Lakini wewe unaogopa jina, ao unaogopa mwenye jina?”

“Siogopi mtu.”

“Bwambale yangu nyoka ilimukula, unakumbuka? Nilihuzunika wiki muzima, bibi akanicheka. Lakini dadu niliiona? Hapana. Ulisema tatu, nikasema ni tatu. Nilikuaminia.” Akatabasamu, meno yote. “Ilikuwa tatu, ndiyo?”

“Ilikuwa tatu,” Erisa alisema. Na kweli ilikuwa tatu. Lakini alijisikia kama anadanganya, na akatambua kwamba kuanzia siku ile ya Jonan hata ukweli wake wote ulikuwa umeharibika. Alirudi Kasese bila mikanda.

Jumapili ukungu ulishuka mapema, saa nane bonde lilikuwa kama jioni. Wakakaa wanne: Erisa, Nobert, Sylivia mwenye Biblia yake ya kanisani magotini, na Oyet kwenye kile kiti. Kitabu Chekundu kilikuwa kimelazwa kwenye benchi la ukutani. Bila kitabu kilichosimama mbele yake Erisa alijiona kama amevuliwa shati.

“Tunateremka levo ya nne,” Nobert alisema.

“Njia imeporomoka.”

“Dadu iseme.” Nobert akaichukua, akairusha katikati ya meza. Kumi na tisa. “Njia iko wazi, mzee.”

Wakateremka. Erisa alisimulia kwa sauti kavu, ramani ya baba yake imefunguliwa mbele yake: kona ya mti uliooza, reli iliyopinda, maji ya buluu ya shaba yanayotona. Nje hakuna bodaboda iliyopita. Hata mto ulikuwa kimya. Wakafika mahali Masereka wa kwanza alipoachwa.

“Masereka anatangulia,” Oyet alisema, akagonga meza. Tatu. Kimya. Moja.

“Na kutoka ndani,” Erisa alisema, “kunajibiwa.”

Hakukusudia kusema hivyo. Hakuwa ameliandika popote. Nobert alimtazama kwa furaha akidhani ni ufundi wa msimulizi. Sylivia hakutazama popote, mkono wake ulikuwa juu ya Biblia. Erisa alitaka kusema jingine, kwamba ni maji, kwamba ni mwangwi, lakini Oyet aliwahi kusema mtu wake anainua taa. Na hapo hapo, wazi kabisa, kutoka upande wa kiti kile, Erisa akasikia sauti ya mtu asiyejua kuficha kicheko, lakini sasa haikucheka.

“Uliona ngapi?”

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Lakini kata nayo huchoka.

“Kumi na saba,” Erisa alisema. Akavua miwani. “Ilikuwa kumi na saba, Jonan. Nikasema sita. Ulinifanya nichekwe mbele ya watu nikakasirika, nikasema sita. Ilikuwa kumi na saba.”

Oyet alikuwa ameacha mdomo wazi.

“Mzee,” alisema polepole, “mimi sijauliza kitu.”

“Hakuna mutu ameuliza,” Nobert alinong'ona.

Erisa alimgeukia Sylivia. Sasa ilibidi amtazame. “Mama Jolly, nisamehe. Nilimdanganya Jumapili, na Alhamisi akafa. Nilikuwa na siku nne za kumwambia. Nne nzima. Alipita kibandani, nikampa chai.” Akaanza kulia, vibaya, kama wanavyolia watu wasiozoea.

Sylivia alifungua Biblia. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, ya manjano kwenye mikunjo, akaifungua mezani. Ilikuwa karatasi ya Masereka, ya toleo la zamani, na mwandiko wa duara wa mwalimu.

“Ilikuwa ndani ya koti. Aliniachia hiyo koti nivae Bwera, kule kulikuwa baridi,” alisema. “Geuza.”

Erisa akaigeuza. Nyuma, kwa penseli: *17. Nimeiona kwa kabati. Erisa atasema mwenyewe. Masereka ningojee hapo.*

Kabati la vioo lilikuwa nyuma ya Erisa, na vikombe vya harusi yake ndani. Lilikuwa hapo miaka ishirini. Erisa aligeuka, lakini kutoka alipokuwa hakuona kitu.

“Iko hivyo,” Oyet alisema, kwa aibu. “Ukikaa hapa, mkono yako yote inaonekana kwa kioo.”

Kwa hiyo Jonan alijua. Alijua akiaga, alijua Jumatatu akinywa chai na kuzungumza bei ya bati, akimpa nafasi. Alijua Jumatano barabarani. Alikuwa amesimama pale akimngoja rafiki yake kwa uvumilivu wa mwalimu anayemngoja mtoto aliyekwama kwenye herufi. Erisa aliona jambo hilo lote mara moja, na akatamani angetukanwa.

“Ulijua miaka yote hii,” alisema.

“Nilijua.”

“Na ulikuwa ukija.”

“Wewe ulifikiri mimi ninapenda kuhesabu mafuta ya taa?” Sylivia alisema, na sasa machozi yake nayo yakatoka. “Kila Jumapili, miaka mitano. Nilikuwa ninangoja pamoja naye. Aliandika utasema mwenyewe, sasa ningefanya je? Nikuseme mimi?” Akajipangusa kwa kona ya kitenge. “Umesema. Imeisha. Sasa mutoe.”

Nobert alisukuma dadu kuelekea kwa Erisa. Erisa akairudisha.

“Namba ilishatoka,” alisema.

Oyet alichukua kifutio. Akafuta jina kwenye karatasi yake mpaka karatasi ikakwaruka, akaandika Kule, na alipomaliza alishusha pumzi ndefu. Erisa akainuka, akaenda kwenye benchi akakichukua Kitabu Chekundu, akakirudisha mezani, kikiwa kimelala, kando ya kile kipya. Hakukisimamisha.

“Mnainua taa,” akaanza. “Mbele yenu kuna mtu amekaa, mgongo ukutani. Amechoka lakini yuko hai. Ana taa iliyozimika mkononi. Anawatambua.”

“Masika anamushika mukono,” Sylivia alisema.

“Anasimama. Mnapanda pamoja, Mumbere mbele, Masika na Masereka katikati, Kule nyuma. Levo ya tatu. Levo ya pili, mnapita kaburi la Bwambale, mnalitaja jina lake. Levo ya kwanza. Mnaona mwanga. Mnatoka nje, jua linawaka, Masereka anafunika macho.” Erisa akaiviringisha ramani ya baba yake. “Anasema anataka kwenda nyumbani.”

“Hapana,” Sylivia alisema upesi. Alikuwa ametazama dirishani, chini, zilipo zile ngazi mbili. “Asiende nyumbani. Chini kule hapana. Mulete hapa juu, kwako, akae.”

“Anapanda hapa juu,” Erisa alisema.

Oyet, bila kuambiwa na mtu, akainuka kwenye kile kiti na kwenda kukaa kwenye benchi.